Mashine Hupima Madini, Anayevunjika ni Mtu

Mfupa unaopungukiwa na madini hautoi taarifa. Hauumi, hauvimbi, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa huku sehemu kubwa ya madini ikiwa imekwisha kuondoka. Kwa makadirio yanayokubalika, ni mpaka asilimia 30 hadi 40 ya madini ipotee ndipo jicho la daktari huanza kuuona upungufu huo kwenye picha. Wengi huja kujua siku wanapoteleza bafuni, wakajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika juu ya kiganja. Au wanapoinua ndoo ya maji, pingili ya mgongo ikabonyea. Kwa hiyo mashine inayoweza kuhesabu madini ya mfupa kabla haujavunjika ni neema kubwa, na anayeidharau hajui wagonjwa wanapitia nini. Hata hivyo mashine hiyo imetwishwa kazi isiyoiweza. Namba moja inayotoka humo imefanywa hukumu: ukiwa chini ya mstari wewe ni mgonjwa, ukiwa juu yake uko salama. Ushahidi wa miaka 30 unaonyesha kwamba namba hiyo ni shahidi mmoja kati ya kadhaa, na kwamba nchi kama zetu, ambako mashine ni chache na ziko kwenye miji mikubwa, zitawaokoa wazee wengi zaidi zikianza na maswali sahihi na waliokwisha kuvunjika, kuliko zikingoja kila mtu apimwe.

Mfupa ni tishu hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya, usiku na mchana, maisha yote. Utotoni na ujanani ujenzi hushinda ubomoaji, na kwa watu wengi akiba ya madini hufika kileleni karibu na umri wa miaka 30. Baadaye mizani hugeuka polepole. Kwa mwanamke hugeuka kwa kasi anapokoma hedhi, maana homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizizuia seli bomozi hupungua ghafla. Mwanamume naye hupoteza, ila kwa mwendo wa taratibu. Upotevu ukizidi, vijiti vidogo vinavyounda sifongo ya ndani ya mfupa hukonda na kukatika, na hapo ndipo madaktari husema mgonjwa ana osteoporosisi. Mivunjiko yake mikuu hutokea nyonga, pingili za uti wa mgongo na sehemu ya mkono iliyo karibu na kiganja. Ule wa nyonga ndio mbaya kuliko yote: hata katika nchi tajiri, zenye wapasuaji wa kutosha, takriban mzee mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani.

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895, na picha ya mkono wa mkewe ikaionyesha dunia mifupa ya mtu aliye hai. Lakini kuuona mfupa ni kazi moja, na kuupima ni nyingine. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1963, ambapo John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza katika jarida la Science njia ya kupitisha mwale mwembamba kutoka kwenye chembe za mnururisho na kuhesabu kiasi gani kimetokea upande wa pili. Njia yao ilifaa mkono, kwa sababu mkono unaweza kuzungushiwa maji au kitu kinachofanana na nyama ili unene uwe mmoja kote. Haikufaa kiuno wala nyonga, ambako nyama, mafuta na utumbo hutofautiana kutoka sentimita moja hadi nyingine.

Suluhisho lilikuwa kutumia miale ya nguvu mbili tofauti kwa pamoja, na hapo panastahili kutulia kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo uwezo wote wa kipimo hiki na pia udhaifu wake. Tuseme mwale umepita kiunoni na kutoka ukiwa umepungua. Umezuiwa na nini? Huenda ni mfupa mzito ndani ya mtu mwembamba, au mfupa mwepesi ndani ya mtu mnene. Ukiwa na mwale mmoja huwezi kujua. Una mlinganyo mmoja na vitu viwili usivyovijua. Ukitumia mwale wa nguvu ndogo na mwingine wa nguvu kubwa zaidi, mambo hubadilika. Mfupa umejaa kalsiamu, ambayo ni elementi nzito kuliko hidrojeni, kaboni na oksijeni zinazounda nyama, na kalsiamu huuzuia mwale dhaifu kwa ukali zaidi kuliko inavyouzuia mwale wenye nguvu. Kwa nyama tofauti hiyo ni ndogo. Kompyuta hupokea namba mbili kwa kila nukta, hutatua milinganyo miwili, huitoa nyama na kuacha madini ya mfupa peke yake. Mwanzoni miale hiyo miwili ilitoka kwenye chembe za gadolinamu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chembe hizo zikaachwa, ikaingia tyubu ya eksirei, picha ikawa safi zaidi na kipimo kikamalizika kwa dakika chache. Mashine ya aina hiyo hujulikana duniani kote kwa herufi tatu, DXA.

Mgonjwa hulala chali juu ya kitanda. Kwa kipimo cha mgongo, miguu huinuliwa juu ya sanduku la sponji ili kiuno kilale bapa. Kwa nyonga, mguu huzungushwa kwa ndani kidogo na kufungwa usicheze, maana ukizunguka vibaya, shingo ya mfupa wa paja huonekana fupi na namba huharibika. Mkono wa mashine hupita juu taratibu. Hakuna sindano, hakuna kuingizwa ndani ya mtambo. Mtaalamu wa mionzi huchora mipaka ya pingili nne za kiuno, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, kisha mipaka ya nyonga, na mashine hutoa gramu za madini kwa kila sentimita ya mraba.

Gramu hizo hulinganishwa na za wanawake vijana. Kwa shingo ya paja, kigezo kinachotumika dunia nzima ni wanawake wa Kizungu wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29, waliopimwa katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa nchi hiyo kati ya 1988 na 1994. Wastani wao ulikuwa gramu 0.858, na kipimo cha kitakwimu cha jinsi walivyotofautiana miongoni mwao kilikuwa gramu 0.120. Ukishuka hatua moja ya 0.120 chini ya wastani, alama yako, inayoitwa alama T, ni -1. Ukishuka hatua mbili na nusu ni -2.5. Mwaka 1994 jopo la Shirika la Afya Duniani liliamua kuwa -2.5 au chini yake iitwe osteoporosisi, na kati ya -1 na -2.5 iitwe upungufu wa madini. Sababu ya kuchagua -2.5 haikutoka maabara. Mstari huo ukipigwa, takriban asilimia 30 ya wanawake waliokoma hedhi huangukia chini yake katika sehemu mojawapo ya mwili, na kiasi hicho kilikaribiana na uwezekano wa mwanamke wa Ulaya kuvunjika katika maisha yaliyombakia. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa watafiti waliotaka kuhesabu wagonjwa katika nchi mbalimbali kwa kigezo kimoja. Mfupa wenyewe haujui mstari huo uko wapi.

Tuchukue wanawake wawili wenye umri mmoja. Mmoja amepata gramu 0.558 kwenye shingo ya paja, na alama yake ni -2.5 kamili. Mwingine amepata 0.570, alama -2.4. Kwa mujibu wa cheti, wa kwanza ana ugonjwa na wa pili hana. Tofauti kati yao ni gramu 0.012, yaani takriban asilimia 2. Sasa, mtaalamu huyohuyo akimpima mtu huyohuyo mara mbili siku hiyohiyo, baada ya kumwambia ashuke kitandani na kulala tena, namba zake mbili zinaweza kupishana kwa kiasi kama hicho. Viwango vya kimataifa vya taaluma hii vinamruhusu mpimaji kuwa na makosa ambayo, kwenye shingo ya paja, badiliko lolote chini ya asilimia 6.9 kati ya vipimo viwili lisihesabiwe kuwa badiliko la kweli. Kwa mgongo kikomo ni asilimia 5.3. Mtu anayepima kila mwaka na kuhuzunika kwa sababu namba imeshuka kwa asilimia 2 anahuzunishwa na mtikisiko wa kipimo. Na anayekwenda mwaka huu hospitali moja na mwaka ujao nyingine, yenye mashine ya kampuni tofauti, hawezi kulinganisha gramu zake kabisa, kwa kuwa mashine za makampuni makubwa hutofautiana hata zinapompima mtu mmoja.

Jambo zito zaidi limo katika zile sentimita za mraba. Msongamano halisi wa kitu hupimwa kwa ujazo wake, urefu mara upana mara kina. Mashine ya DXA inaangalia kutoka juu tu, kwa hiyo haioni kina, inapima kivuli. Fikiria vipande viwili vya mfupa vyenye umbo la mchemraba, vyote vya ubora uleule wa gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Cha kwanza kina upande wa sentimita 1: kina gramu 1, na kivuli chake ni sentimita moja ya mraba, hivyo mashine inasoma 1. Cha pili kina upande wa sentimita 2: kina gramu 8, kivuli chake ni sentimita 4 za mraba, na mashine inasoma 2. Mfupa ni uleule, ubora ni uleule, lakini mkubwa umepata alama maradufu. Maana yake ni kwamba mwanamke mfupi mwenye mifupa midogo huonekana na upungufu mkubwa kuliko ulivyo, na mrefu mwenye mifupa mikubwa huonekana imara kupita kiasi. Mkubwa ni kweli huwa na nguvu zaidi kwa sababu ya ukubwa wenyewe, kwa hiyo kosa hilo halipotoshi kila kitu. Lakini kigezo kinapotoka kwa wanawake wa nchi nyingine, wenye maumbo na lishe nyingine, mpotoko huo hauwezi kupuuzwa, na kwa watoto ambao bado wanakua unaweza kumpa mtoto mdogo wa umbo jina la ugonjwa asionao.

Mgongo wa mzee nao una hila zake. Pingili zikiota vinundu kwa sababu ya uchakavu wa viungo, au mshipa mkuu wa damu unaopita mbele ya uti ukikakamaa kwa kalsiamu, mashine huhesabu vyote kuwa mfupa na namba hupanda. Pingili iliyobonyea ni mfano unaosikitisha kuliko wote. Imevunjika, lakini madini yake yamebanwa kwenye eneo dogo, na gramu kwa sentimita ya mraba huongezeka. Mashine inaipongeza pingili iliyokwisha kuanguka. Mtaalamu makini huiona pichani na kuiondoa kwenye hesabu. Mvivu huiacha, na mzee huondoka na cheti kizuri.

Je, namba hii basi haina thamani? Hapana, na wale wanaotumia kasoro hizo kuubeza utaratibu mzima wanakosea. Mwaka 1996 Marshall na wenzake walikusanya tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, wakachapisha matokeo katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Kwa kila hatua moja ya alama inayoshuka kwenye nyonga, hatari ya kuvunjika nyonga iliongezeka takriban mara 2.6. Waandishi hao walisema uwezo huo wa kutabiri unakaribiana na ule wa shinikizo la damu katika kutabiri kiharusi, na kwa nyonga unaupita. Hakuna daktari anayeacha kupima shinikizo la damu kwa sababu wapo wenye shinikizo la kawaida waliopata kiharusi. Ila hakuna pia anayemwambia mgonjwa kwamba shinikizo lake likiwa sawa hawezi kupata kiharusi kamwe, na hapo ndipo kipimo cha mfupa kimetumika vibaya.

Ushahidi wa upande huo ni mkubwa mno kuachwa. Mjini Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuatilia maelfu ya wakazi wenye miaka 55 na zaidi. Kati ya wanawake waliovunjika mifupa mingine isiyo ya uti wa mgongo, asilimia 44 tu ndio walikuwa na alama ya -2.5 au chini. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 21. Wengine wote walikuwa juu ya mstari, kule kunakosemekana ni salama. Maelezo si magumu. Walio chini ya mstari wana hatari kubwa kila mmoja, lakini ni wachache. Walio juu kidogo ni wengi sana, na hata hatari ndogo ikigawiwa kwa watu wengi huzaa mivunjiko mingi. Tena mtu huvunjika kwa sababu ameanguka, na mashine haipimi macho yaliyofifia kwa mtoto wa jicho, dawa za usingizi, misuli iliyolegea, wala ngazi isiyo na pa kushika. Umri peke yake ni kipimo kikubwa: kwa alama T ileile, mwanamke wa miaka 80 yuko kwenye hatari ya kuvunjika nyonga mara kadhaa ya yule wa miaka 50.

Barani kwetu ushahidi ulio bora umetoka Gambia, katika kijiji cha Keneba ambako watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wameweka kumbukumbu za afya tangu katikati ya karne ya 20. Mwaka 1996 Terry Aspray, Ann Prentice na wenzao walieleza kwamba wanawake wazee wa vijijini huko walikuwa na madini machache ya mfupa wakilinganishwa na wanawake wa Uingereza, na ulaji wao wa kalsiamu ulikuwa mdogo mno, lakini mivunjiko ya udhaifu wa mifupa ilikuwa nadra. Mtu anaweza kudai kwamba wazee hao walikuwa wakipelekwa kwa mafundi wa jadi wa kuunga mifupa, kwa hiyo hawakuhesabiwa. Pingamizi hilo ni la haki kwa takwimu zinazotegemea daftari za hospitali, na zipo nyingi za namna hiyo Afrika. Kwa kijiji kinachofuatiliwa nyumba kwa nyumba kwa miongo kadhaa halina nguvu, maana nyonga iliyovunjika haifichiki. Yanayoelekea zaidi kuwa sababu ni kazi za mwili zisizokoma, umbo la mifupa yenyewe, na namna watu wanavyoishi na kuanguka. Kwa vyovyote vile, mstari wa -2.5 ungewaita wagonjwa wanawake wengi ambao hawakuwa wakivunjika.

Kutokana na habari kama hizo wapo wanaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu na sisi tuachane nao. Mwaka 1968 mtafiti Louis Solomon alieleza jinsi mivunjiko ya shingo ya paja ilivyokuwa michache kwa Waafrika wa Johannesburg, na madaktari wengi wa bara hili wamefundishwa hivyo tangu hapo. Lakini Johannesburg ya 1968 si Dar es Salaam wala Nairobi ya leo. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, na nyonga huvunjika zaidi baada ya miaka 70. Kazi zimehamia kwenye viti. Wapo wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi wanaomeza prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, kwa miezi au miaka, na dawa hiyo hula mfupa. Afrika Kusini yenyewe ilipofanya hesabu mpya ya mivunjiko ya nyonga kwa makundi yote ya watu, ilibidi itengeneze kikokotoo kinachohesabu hatari ya kila kundi, wakiwemo Waafrika.

Kisha kuna jambo ambalo Afrika Mashariki ina sababu ya kulijua kuliko Ulaya. Mamilioni ya watu wetu wanaishi na VVU na wanazeeka, na huo ni ushindi wa dawa. Mtu anapoanza dawa za kufubaza virusi hupoteza kati ya asilimia 2 na 6 ya madini ya mfupa katika mwaka mmoja hadi miwili ya kwanza, kisha upotevu hutulia. Na tenofoviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi katika nchi zetu, huchangia zaidi ya dawa nyingine. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza madini kwa muda, na huanza kurudi mtumiaji anapoacha. Watafiti wa Kampala waliowafuatilia wanawake vijana wanaoishi na VVU waliona kuwa walioanza tenofoviri huku wakitumia sindano hiyo walipoteza madini zaidi ya walioanza tenofoviri bila sindano. Hili lisimfanye yeyote aache dawa: VVU visivyodhibitiwa huharibu mfupa na huua, na mimba isiyotarajiwa ina hatari zake. Linachotaka ni kliniki za tiba na matunzo ziwaulize wagonjwa wao wenye miaka 50 na zaidi kuhusu mifupa kama zinavyowauliza kuhusu kifua kikuu.

Wengine wanaogopa miale. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa eksirei nyingi zina madhara, lakini kwa kipimo hiki haina msingi. Kipimo cha mgongo na nyonga hutoa maikrosiveti chache, mara nyingi zisizozidi 10. Kila binadamu hupokea kwa wastani maikrosiveti 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula chake, yaani kama 6 au 7 kwa siku. Mjamzito ndiye anayepaswa kuahirisha, kwa tahadhari tu.

Swali gumu ni lile la fedha na haki. Kama mashine inafaa, kwa nini tusiinunulie kila hospitali ya mkoa na kumpima kila mama anayekoma hedhi? Jibu limepatikana kwa majaribio. Uingereza wanawake 12,483 wenye miaka 70 hadi 85 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliachwa kwenye huduma ya kawaida. La pili lilianza kwa maswali ya FRAX, kikokotoo kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008: umri, uzito na urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe, steroidi, baridi yabisi. Mashine iliitwa kwa wale tu ambao maswali yalionyesha wako hatarini. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2018: mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 28. Ni kweli kwamba mivunjiko yote kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kuridhisha, na anayeupinga uchunguzi wa watu wengi ana haki ya kulisema hilo. Lakini nyonga ndiyo inayoua, na iliokolewa kwa utaratibu uliotanguliza karatasi na kalamu. Mifano ya FRAX iliyotengenezwa kwa nchi za Afrika bado ni michache, kwa hiyo asilimia zake zisisomwe hapa kama zimepimwa kwetu. Maswali yenyewe hayana uraia: aliyevunjika mara moja kwa kuanguka tu ana hatari kubwa ya kuvunjika tena, awe Sheffield au Singida.

Tiba ipo na haitegemei mstari. Alendroneti, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1995, kilipunguza mivunjiko mipya ya pingili kwa takriban nusu kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili, katika jaribio lililochapishwa mwaka uliofuata. Asidi ya zoledroniki, inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa asilimia 41 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007. Na mwaka 2018 Ian Reid wa New Zealand na wenzake walionyesha kuwa dripu hiyohiyo iliwakinga hata wanawake wazee wenye upungufu wa kawaida tu, wengi wao wakiwa juu ya -2.5. Ugonjwa ungekuwa unaanzia kwenye mstari, dawa isingefanya kazi juu yake. Dawa hizi zinahitaji figo zipimwe kwanza, na mgonjwa awe na vitamini D na kalsiamu ya kutosha, vitu ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvisimamia.

Mashine chache tulizonazo zinapaswa kutumika pale namba yake itakapobadilisha uamuzi: kwa wanaomeza steroidi kwa muda mrefu, kwa waliokoma hedhi mapema, kwa wenye VVU waliozeeka, kwa wale ambao maswali yamewaacha katikati. Ukipimwa, dai cheti chenye picha na gramu pamoja na alama. Uliza nyonga imepimwa pia au mgongo peke yake, na kama kuna pingili iliyoondolewa kwenye hesabu. Tunza cheti hicho, na kipimo cha pili kifanyike kwenye mashine ileile, baada ya mwaka mmoja au miwili kama daktari hakuelekeza vingine.

Kwa aliyepita miaka 50 akavunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, jibu limekwisha kupatikana. Mifupa yake ni dhaifu, mashine iwepo isiwepo. Mara nyingi mtu huyo hufungwa plasta au hulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, akiruhusiwa hurudi nyumbani na dawa za maumivu, na hakuna anayemweleza kwa nini alivunjika. Wizara za afya zinaweza kulibadilisha hilo kwa agizo moja: mgonjwa wa namna hiyo asitoke wodini kabla ya kuandikiwa tiba ya mifupa na tarehe ya kurudi kliniki. Na wewe mwenye mzazi aliyevunjika, usingoje agizo. Mrudishe kwa daktari wiki hii, umuulize kuhusu tiba hiyo.